Bia Zilizoanikwa Juani

Siku moja bado ninayo kichwani, mwanangu, nzima kama ilivyotokea. Ilikuwa siku ya mnada, mchana wa jua kali lile linaloiunguza Mpanda kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa binti mwenye miguu myepesi, nikihudumu kwenye baa ya kaka yangu pale Majengo. Nilitoka uani na sinia la nyama choma, nikakuta chupa za bia zimepangwa juu ya ukuta mfupi, zimesimama juani. Wazee waliotoka kuuza ng'ombe mnadani walikuwa wamekaa kivulini wanazitazama, kila mmoja na yake. Bia zimeanikwa kama mihogo! Nilicheka hadi sinia likataka kuniponyoka.

Nakusimulia wewe kwa sababu nasikia nawe unafungua baa, na chipsi na supu pembeni. Siku hizi kila kona ya mji huu ina baa au mgahawa, na kila mwenye mgahawa analia na umeme na mkaa. Kulia si vibaya. Lakini mwenye kulia naye ajiangalie mikono, maana mara nyingi anayemliza ni yeye mwenyewe.

Kaka yangu aliitwa Pius. Kwetu ni Kasansa, na baba alitutoka mapema, hivyo Pius ndiye aliyetulea, na alitulea kwa dhahabu. Alikuwa akishuka kwenye mashimo ya machimbo, kwa kamba na tochi, anapanda jioni amekuwa mweupe wa vumbi kama aliyeanguka kwenye pipa la unga. Mama hakuwa akilala. Kila habari ya shimo lililotitia ilipofika kijijini, alikuwa anakaa chini palepale alipo, hata kama ni njiani, mpaka asikie majina. Siku Pius alipopata mawe mazuri, mama alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Baba yangu, inatosha. Fanya kazi ya juu ya ardhi, hata kama ni kuuza maji." Alimwita baba yangu kwa sababu alikuwa na jina la babu yetu mzaa mama, na mtoto wa namna hiyo mama hamwombi jambo mara mbili.

Basi dhahabu ile ikawa baa. Alinunua friji mbili ndefu, zile za kulala zenye mfuniko, nyeupe, mpya, zikaja kwenye lori zimefungwa blanketi. Watu wa Majengo walikuja kuzitazama kama wanavyokuja kumtazama bibi harusi. Na yeye Pius alizipenda kweli. Asubuhi alizifuta kwa kitambaa kabla hajanawa uso. Mtu aliyekaa gizani chini ya ardhi miaka yote ile, mwanangu, usimcheke akipenda kitu cheupe.

Kosa halikuwa kuzinunua. Kosa lilianzia pale alipoona kwamba friji ni heshima, na heshima haizimwi. Kwenye baa yake alipiga marufuku bia ya moto. Kama wewe ni mtoto wa siku hizi nikueleze: bia ya moto haikupikwa, ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuona friji. Wazee wengi wa huku ndiyo waipendayo. Ya baridi inawauma meno, inawakaba kifua, na wengine wanasema tu kwamba haina ladha. Kila baa ya nchi hii mhudumu anakuuliza kwanza, ya baridi au ya moto? Kwetu swali hilo lilikatazwa. "Baa yangu si kilabu cha pombe ya kienyeji," alisema Pius. "Anayeingia hapa anakunywa ya baridi." Kila kreti iliyoshushwa ilimiminwa kwenye friji, na friji zote mbili ziliunguruma mchana na usiku, zimejaa hadi mfuniko.

Tena alikuwa ameziweka ukutani kwa upande wa machweo, zikipigwa na jua la alasiri, na kando yake kabisa likawepo jiko la kuchomea nyama, ili mchomaji asihangaike kufuata soda za wateja. Moto huku, baridi huku, vinatazamana na kushindana, na anayelipia ugomvi ni Pius. Hakuna aliyeliona hilo. Mimi nilipita katikati yake kila siku na kuona raha tu ya kujipoza mgongo.

Umeme wa Mpanda wakati ule ulitoka kwenye mitambo ya dizeli hapahapa mjini, gridi ya taifa ilikuwa hadithi ya watu wa mbali. Ulikuwa unakuja na kuondoka kama mjomba mlevi. Lakini bili haikuwa ikiondoka. Ilikuja kubwa, mwezi uliofuata ikaja kubwa zaidi. Pius akaanza kubana, na kubana kwake ndiko kulikotumaliza. Alipunguza mkaa, nyama ikawa inatoka jikoni mbichi ndani, watu wanaitafuna wamefumba macho. Alizima redio. Alikata supu ya bure waliyokuwa wakipewa wateja wa asubuhi. Yaani kila alichopunguza kilikuwa kile ambacho mteja anakiona na kukionja, na kile kilichokuwa kinamla mfukoni alikifuta vumbi kila asubuhi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, lakini yule aliyekuwa anachovya asali yetu alikuwa hata hachovyi kwa siri. Alikuwa anaunguruma.

Jioni moja, tukifunga hesabu, alisema bila kunitazama, "Yustina, umeme ukinishinda narudi shimoni. Usimwambie mama." Niliogopa, sina neno jingine la kulipamba. Nilimjua kaka yangu kwamba akisema jambo bila kukutazama, ameshalikata.

Sasa turudi kwenye ile siku ya bia juani. Pius alinisikia nikicheka, akatoka kaunta kuja kuona. Kati ya wazee wale alikuwepo Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake siku nyingi, akaishi upande wa Sibwesa. Ng'ombe wake walikuwa wengi hata hakupenda waulizwe idadi. Mtu wa maneno machache, shati lake halikuwa na vifungo vinavyofanana, na hakuna aliyemkatiza akizungumza.

Pius akauliza, "Wazee wangu, shikamooni. Hizi bia zimefanya nini mpaka zinaadhibiwa?"

Wazee wengine wakacheka. Mzee Masanja hakucheka. Akasema taratibu, "Marahaba, baba. Tunazingoja zipate moto. Wewe unalipa umeme uzipoze. Sisi tunaziweka juani tuziponye. Tukimaliza kazi yako yote na kazi yetu yote, bia imerudi vilevile ilivyoshuka kwenye gari. Sasa niambie, nani amefaidika? Umeme umekunywa, jua limekunywa. Mimi bado nina kiu."

Kicheko kikapasuka uani pote. Hata mchomaji nyama alicheka, naye alikuwa analipwa na Pius. Ningeweza kukuambia kwamba kaka yangu alielewa palepale, lakini hapana. Mtu akiambiwa kweli mbele ya watu, kitu cha kwanza anachosikia ni kile kicheko. Alijibu, "Mzee, kama unataka ya moto, kilabu kiko kule nyuma, nyie nendeni mkanywe huko."

Biashara haigombi, mwanangu. Mzee Masanja aliinuka, akalipa bia aliyokuwa hajaionja, akaiacha pale ukutani. Akaniambia mimi, "Kwaheri, mayu." Wasukuma humwita hivyo mwanamke yeyote, hata binti, maana yake ni mama. Wenzake wakainuka nyuma yake mmoja mmoja. Chupa zilibaki zimesimama juani, na jua likaendelea kuzipasha.

Mnada uliofuata hawakuja. Uliofuata tena hawakuja. Walikuwa wanakwenda kwenye duka moja lenye benchi nje, kreti zimepangwa chini kivulini, hakuna friji wala jina. Baa yetu ikawa ya vijana wachache wanaokaa na soda moja. Friji ziliendelea kuunguruma vilevile, maana hazijui kama kuna watu au hakuna. Ng'ombe haelemewi na nunduye, waliambiwa hivyo wenye nundu. Pius alikuwa amebeba isiyo yake.

Akaja mtu kuzitazama friji ili azinunue. Pius aliongea naye kwa sauti ndogo, kisha akaingia chumbani akatoa tochi yake ya zamani, akaanza kuijaribu betri. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, kisha nikanawa uso nikarudi kuhudumia, kwa sababu kulikuwa na mteja.

Lakini wachimbaji wa kwetu wana mwiko, na mwiko huo ndio uliomwokoa. Haingii mtu shimoni akiwa na kinyongo cha mzee. Wenzake hawamkubali kwenye kamba. Wanasema ardhi inasikia, na ikikukasirikia haikuziki wewe peke yako, inawazika wote mlio chini. Pius aliujua mwiko huo kuliko mimi. Nilipomuuliza, "Na Mzee Masanja je?" aliizima tochi. Kesho yake akanunua sukari na majani ya chai, akaniambia nimsindikize. Kijana haendi kuomba radhi peke yake, lazima awe na ndugu wa kusikia. Kwa hiyo elewa vizuri: kaka yangu hakwenda kwa mzee ili ajifunze kuendesha baa. Alikwenda kuomba ruhusa ya kurudi shimoni.

Tulifika kwa Mzee Masanja jua likiwa bado la asubuhi. Boma kubwa, harufu ya ng'ombe, watoto wengi. Tukapewa vigoda. Kabla Pius hajafungua mdomo, mke mkubwa wa mzee alikuja akapiga goti kutusalimia, akauliza, "Wageni, mtakunywa maziwa ya mgando au yaliyochemshwa?"

Pius, kwa adabu, akasema, "Yoyote tu mama, msihangaike."

Mzee Masanja akainua mkono. "Hapana, baba. Sema. Ukitaka ya mgando, yapo kwenye kibuyu. Ukitaka ya moto, huyu mama anapuliza moto, na kuni ameziokota mwenyewe, mbali. Hawezi kuunguza kuni kwa ajili ya neno 'yoyote'. Mgeni anaulizwa, na mgeni anajibu. Ndiyo heshima, pande zote mbili."

Namwona Pius hata sasa, amekaa kwenye kigoda kidogo magoti yamempita kifua, pakiti ya sukari bado mkononi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ya mgando, mama."

Yakaletwa. Akanywa. Akaweka kata chini, akasema, "Mzee wangu, nilikukosea. Nilikufukuza kwangu kwa sababu ulisema kweli watu wakacheka."

"Nimesikia," mzee akajibu. "Nimeshasamehe tangu njiani siku ileile. Kinyongo ni mzigo, na mimi nina ng'ombe wa kuchunga. Lakini binti huyu anakutazama kama anayekwenda kuzikwa. Unakwenda wapi?"

Nikasema mimi, ingawa sikuwa nimeulizwa: "Anarudi shimoni, babu. Umeme umemshinda."

Mzee Masanja akakuna kidevu. "Umeme haujakushinda. Hujaongea nao. Pale kwako ni pazuri, baba, kivuli kipo, binti huyu ana lugha nzuri. Sisi tunapapenda. Ila hutuulizi. Umeamua wewe tunachotaka, halafu unakilipia wewe, halafu unakasirika." Akasimama, akatuonyesha njia ya kutoka, maana ng'ombe walikuwa wanangoja. Hakukuwa na hotuba nyingine. Ruhusa ya shimo hakumpa na wala hakumnyima.

Tulipofika mjini Pius alimtuma mtu kwa yule mnunuzi wa friji, akamuuzia moja tu. Ile iliyobaki tulihangaika nayo watu wengi, tukaitoa kwenye jua na moto, tukaiweka chumba cha nyuma, palipo na ubaridi, ikapata nafasi ya kupumua mgongoni. Kreti nyingine zikapangwa chini kivulini. Na mimi nikafunguliwa mdomo: "Karibu. Ya baridi au ya moto?"

Usidhani mambo yalinyooka siku moja. Jumamosi ya kwanza vijana walikuja wengi, ya baridi ikatuishia mapema, wakatutukana hadi ukoo. Tukajifunza. Siku ya mnada wanakuja wa moto, mwisho wa wiki wanakuja wa baridi, kipupwe kikiingia hata vijana wanaacha ubaridi. Friji inajazwa kwa kufuata watu, si kwa kufuata ukubwa wake. Mkaa tukaurudisha, nyama ikaiva. Supu ya asubuhi ikarudi, na maharage tukaanza kuyaloweka tangu jana yake kama anavyofanya mama yeyote mwenye akili, yakawa yanaiva kwa moto mdogo sufuria ikiwa imefunikwa. Bili iliyofuata ilipokuja Pius aliisoma, akaisoma tena, akaenda kukaa uani peke yake. Nilipomfuata nilikuta analia. Akaniambia jua limempiga macho. Nikakubali.

Mzee Masanja alirudi na wenzake. Nilipomuuliza, ya baridi au ya moto, alijifanya anafikiri, akasema, "Leo nijaribu ya baridi, mayu." Akanywa kidogo, akakunja uso, akainuka akaenda kuiweka ukutani. Ua mzima ukaangua kicheko, na safari hii Pius ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sasa, mwanangu, sikiliza yangu, kisha ufanye yako. Wataalamu watakuja kukuambia ununue taa hizi na friji ile, nao hawasemi uongo. Taa zinazokula kidogo ni nzuri. Mpira wa mlango wa friji ukichakaa, badilisha, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiwashe taa mchana kwa ajili ya kuonekana una taa. Lakini kabla ya yote hayo, nenda ukakae kwenye kiti cha mteja wako, utazame anafanya nini na kile ulichompa. Akikipasha kilichopozwa na umeme wako, akikiacha nusu sahanini ulichokipikia mkaa wako, akihama meza kukimbia feni yako, hapo ndipo fedha yako inapotorokea. Muulize kabla hujawasha. Kuuliza si ujinga, ni kuni uliyoiacha msituni.

La pili: usibane pale mteja anapoona ukaachia pale unapojipendeza wewe. Ukipunguza, anza na majivuno yako. Yanauma, lakini hayana mteja.

Na la tatu, ukiambiwa kweli watu wakacheka, cheka nao kwanza. Hasira itakusubiri, haina haraka. Kaka yangu alikaribia kulipa kicheko cha mchana mmoja kwa uhai wake.

Pius tulimzika mwaka ule mvua zilipochelewa, Kasansa, kando ya mama. Alikuwa mzee, alifia kitandani kwake, mchana, wajukuu wamejaa chumbani wanamfanyia kelele. Tangu siku ya maziwa ya mgando hakuwahi kushuka tena chini ya ardhi, mpaka tulipomshusha sisi, kwa mikono yetu, taratibu, kila mmoja wetu akijua aliko.

Mungu akupe kazi ya juu ya ardhi, mwanangu. Akupe wateja wenye kiu na wewe masikio ya kuwasikia. Moto wako uwake kwa ajili ya mtu, na jioni ukiuzima, uzime huku umeshiba na una pa kulala. Amina.